Vilasini, Pua ya Ghala la Mizizi

Tarehe 31 Mei mwaka huu wa 2018, kengele ya jioni itakapogongwa, Bi. Vilasini atakuwa ametimiza miaka thelathini na saba kamili ya kazi katika Nyumba ya Dawa ya Elanjikkal. Aliingia tarehe mosi Juni 1981, siku ya mvua ya kwanza, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na mwavuli mmoja, ambao ulikuwa wangu na ambao hajaurudisha mpaka leo.

Kamati ya kuaga imeniomba mimi, mama yake mzazi, niandike ukurasa mmoja wa kuwekwa ndani ya ratiba ya sherehe. Wamenichagua kwa sababu nilikuwa mponda dawa hapa tangu 1969 hadi 1999, kwa hiyo nilifanya kazi naye miaka kumi na minane, na wenzetu wengine wa wakati ule ama wamekufa ama hawaoni tena herufi. Nilisoma mpaka darasa la nne, lakini la nne la zamani. Ukurasa mmoja haumtoshi binti yangu. Nimejaza saba, na kamati ikikata hata mstari nitajua, kwa sababu nimebaki na nakala.

Watu watasema namsifu kwa kuwa nimemzaa. Mimi nasema nimemzaa, na pia ni kweli.

Vilasini alizaliwa na mashaka. Alipokuwa na umri wa miaka sita alimrudishia muuza maziwa chombo chake mlangoni na kumwambia kwamba maji tunateka wenyewe mtoni, hatuhitaji kuletewa. Mzee wa watu alimwaga ya kwanza akatoa mengine kwenye kopo la pili, na ndipo tukajua kumbe lilikuwepo kopo la pili. Hekaluni alikuwa akinusa majivu matakatifu kabla ya kujipaka. Nilimpiga kofi kwa hilo. Baadaye kuhani alibadilishwa, na nikajuta kidogo lile kofi.

Posa yake nusura ivunjike. Upande wa bwana harusi walileta kipande cha mti wa sandali cha kusugulia kwenye jiwe, kama ilivyo desturi, ili bibi harusi apakwe usoni na mikononi. Vilasini alikisugua mara tatu, akanusa, akakiweka chini akasema hii ni kuni. Wajomba zake Sukumaran, huyo bwana harusi, walisimama kuondoka. Sukumaran mwenyewe alibaki amekaa, akainamisha kichwa, akakiri kwamba alikinunua kwenye kichochoro nyuma ya hekalu kwa sababu dukani palikuwa na foleni. Binti yangu akamwambia baba yake mdogo kwamba huyu anafaa, anajua kukiri. Wameoana miaka thelathini na tano sasa, na Sukumaran hajanunua tena kitu chenye harufu bila kuongozana naye.

Kazini alianza kwa kuosha chupa. Mwezi wake wa nne alikuwa akipita na ndoo karibu na magunia ya magome, yale magome ya mikuyu ya aina nne tunayochemshia mafuta ya watoto wachanga, yanayolainisha ngozi na kutuliza vipele vya joto. Akasimama. Akasema kwenye gunia la tatu kuna gome la mfenesi. Msimamizi wa ghala alicheka mpaka akakohoa, akamwambia arudi kwenye chupa zake. Lakini Mzee Achuthan, mganga wetu mkuu, alikuwa anapita kwenda kuoga, na mafuta yamemjaa kichwani. Aliagiza gunia limwagwe sakafuni. Lilikuwa mfenesi. Kesho yake Vilasini akahamishiwa ghala la kupokelea, na msimamizi hakucheka tena mwaka ule.

Wengi wenu mmefundishwa naye, mnazijua njia zake. Tazama, vunja, nusa, tafuna. Kisha ingiza mkono mpaka bega, kwa maana kizuri huwekwa juu ya gunia na kibaya hulala chini. Meno yake mawili ya mbele yamesagika kwa ajili ya nyumba hii. Ametafuna majani mengi ya mwarobaini kuliko mbuzi wa wilaya nzima. Madereva wa malori walimpa jina la Polisi wa Mizizi, na mmoja aliwahi kuniuliza sokoni, kwa heshima kabisa, "Mama, huyu binti yako nyumbani anakula wali bila kuukagua?" Nikamwambia hapana, anaukagua.

Mwaka 2009 alikuja wakala mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, na malai ya uso kwenye vikopo vidogo. Alitaka tuyatie nembo yetu tu tuyauze. Alisema ni mizizi mitupu, na kwamba uso wenye madoa unatakata ndani ya wiki moja. Kila mtu ofisini alifurahi. Vilasini peke yake aliuliza kwa nini haraka hivyo. Alisema ngozi haina haraka, na mmea hauna haraka, basi aliye na haraka hapa ni nani? Akayapeleka kwenye maabara ya mjini kwa basi, kwa nauli yake. Majibu yalirudi: mlikuwa na zebaki, na dawa kali ya hospitali ambayo haikuandikwa popote kwenye kopo. Wakala alipotafutwa, namba yake ya simu ilikuwa ya kinyozi.

Lakini sherehe hii haitakuwa ya haki nisipoeleza habari ya mwaka 1996. Vijana wameisikia nusunusu. Na kuna kipande chake ambacho hata mwenye sherehe hajakisikia.

Kila mtu hapa anaujua unga wetu wa uso, ule wa manjano ya miski. Si manjano ya mchuzi. Ni mengine, ya kupaka, ambayo wasichana huchanganya na maziwa au na maji ya waridi. Miaka yote unga huo ulikuwa wa rangi kali kama ua la alizeti. Mizizi ililetwa na familia ya Paily, wauzaji wa jumla, kwanza baba kisha mwana. Na aliyeiponda, tangu 1969, ni mimi. Mikono yangu ilikuwa ya njano mpaka kwenye viwiko. Sabuni haikufua dafu. Sokoni waliniita Mama Mikono, na sisemi uongo, nilijivunia. Mwalimu ana chaki, seremala ana vumbi la mbao, mimi nilikuwa na manjano.

Mwishoni mwa mwaka 1995 alikuja mwanamke wa milimani na mtoto mwenye upele. Alipotibiwa, alimwachia Vilasini zawadi ya mizizi michache iliyofungwa kwenye jani la mgomba, akasema haya ndiyo manjano ya miski wanayotumia kwao. Vilasini aliuvunja mmoja. Ndani ulikuwa mweupe kama siagi. Ulinukia kafuri. Akausugua kwenye kifundo cha mkono, akasubiri, akaosha. Haukuacha hata alama.

Mtu mwingine angesema, ah, watu wa milimani wana yao. Yeye hakulala vizuri wiki nzima. Alikwenda kwa Mzee Achuthan, ambaye kwa miaka ile alikuwa dhaifu, anaona wagonjwa tu barazani na hashuki tena kwenye vinu. Mzee alimwambia alichoambiwa na mwalimu wake: manjano ya miski ya kweli yananukia kafuri na hayaachi rangi mwilini. Alikisema kama mtu anayesoma shairi la utotoni, bila kufikiri kuna mtu chini pale anaponda kitu kingine.

Paily alipoleta mzigo uliofuata, Vilasini aliukataa. Gunia zima. Alimwambia alete yale yasiyoacha rangi au asilete. Kisha akaagiza kutoka kwa wakulima wa milimani, kwa mamlaka ya nafasi yake, na Februari 1996 tukaanza kuponda mapya.

Mikono yangu ikabaki safi. Siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Nilikuwa naitazama kama mikono ya mtu mwingine.

Na hapo ndipo balaa lilipoanza. Pakiti zilirudishwa. Wateja walisema tumewauzia unga wa mchele. Bibi harusi mmoja wa mjini alipakwa usiku wa kuamkia harusi, asubuhi hana njano hata ya kope, na mama yake akaja mpaka getini na pakiti mkononi kututukana kwa majina ya mababu. Bwana Murali, mpwa wa Mzee Achuthan, ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka Bombay kushika ofisi. Aliwahi kuuza sabuni huko, aliamini rangi. Akaanza kuuliza: manjano yetu yamekwenda wapi? Nani anayatoa usiku na kutuwekea huu weupe? Paily alikuwa akija kunywa chai ofisini, na kila chai iliacha neno. Mara mkulima wa milimani ni shemeji wa nani. Mara Vilasini ameezeka jiko upya, fedha katoa wapi.

Jiko niliezeka mimi. Lakini nani alikuja kuniuliza?

Wanawake tukaanza kukaguliwa getini. Kuttappan, mlinzi wetu, aliamriwa tukung'ute shuka zetu na kufungua vyombo vya chakula mbele yake. Alikuwa akiangalia pembeni kwa aibu, maskini, akisema, "Samahani dada, samahani mama," kila mmoja kwa zamu yake. Ghalani watu waliacha kukaa karibu na Vilasini saa ya chakula. Alikula peke yake, na bado alinusa wali kwanza.

Sasa nasema kile ambacho sikukisema.

Nami nilimshuku.

Nilijua pua yake, nilijua moyo wake, lakini nilikuwa na mikono yangu mbele yangu. Miaka ishirini na saba njano, sasa safi. Kama hii ndiyo dawa, basi nilikuwa naponda nini maisha yangu yote? Ilikuwa rahisi kuamini kwamba binti yangu anaficha kitu kuliko kuamini kwamba mimi nilikuwa mjinga na kinu changu. Siku moja alipokwenda mtoni kuoga nilifungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, chini ya sari ya harusi, kulikuwa na kifurushi cha kitambaa. Nikakifungua. Mizizi ya njano, kali, mibichi na mikavu, imefungwa vizuri kama kitu cha wizi.

Sikumuuliza. Sikumwambia Sukumaran. Niliwaza wakija kupekua nyumba wakikuta hiki, mwanangu amekwisha. Wahenga walisema mwana akinyea kiganja hakikatwi. Basi nikakichukua nikakitumbukiza kwenye shimo la samadi nyuma ya zizi, chini kabisa, mahali pekee duniani ambapo pua yake isingekwenda kutafuta.

Siku tatu baadaye Bwana Murali aliita kikao barazani kwa Mzee Achuthan. Tulikuwapo wafanyakazi wote, na Paily, na gunia la Paily. Kilichokuwa mezani kilijulikana na kila mtu: ama Vilasini atatoka pale na kazi yake na jina lake, ama atatoka pale mwizi, na mwizi wa dawa katika mji wetu hapati hata mtu wa kumkopesha chumvi.

Mzee alipewa unga mpya, ule mweupe. Aliuweka kiganjani, akaunusa, akafumba macho. Akasema huu ndio. Huu ndio aliofundishwa, na hajaunusa tangu mwalimu wake afe.

Nikadhani yamekwisha. Lakini Bwana Murali si mjinga. Akauliza, basi ule wa njano tuliouza miaka yote ulikuwa nini, na ulitoka kwa nani?

Paily hakutetereka. Aliinama akafungua gunia lake, akatoa mzizi, akauvunja mbele ya Mzee. Mweupe. Kafuri tupu. "Mzee," akasema, "marehemu baba yangu alileta huu, na mimi naleta huu huu. Kama ndani humu ulikuwa unageuka njano, muulizeni aliyesimama mlangoni mwa ghala. Labda wangu alikuwa anauuza kwingine."

Hapo nikamjua mtu yule. Alikwenda akatafuta ya kweli gunia moja tu, kwa ajili ya siku ile moja.

Vilasini hakupaza sauti. Alisema siku aliyokataa mzigo alitoa mizizi kwenye gunia la mwisho la Paily, akaifunga pamoja na kipande cha gunia chenye muhuri wake na uzi wake, na ameitunza nyumbani chini ya sanduku kwa sababu ghalani hakumwamini mtu. Akaomba ruhusa akailete. Nyumba yetu iko ng'ambo ya shamba la mpunga tu.

Jamani, kifurushi kile kile! Nilikuwa nimeona kile kipande cha gunia. Nilidhani ni cha kufungia.

Tulimwona akivuka tuta la mpunga kwenda. Tukamwona akirudi, polepole, mikono mitupu. Alisimama mbele ya Mzee akasema hakipo. Akasema kimeibwa. Paily akamsikitikia kwa sauti, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote, jinsi alivyomsikitikia.

Ningeweza kusema hapo hapo. Niliona aibu, na pia niliwaza nani ataamini kifurushi kinachotolewa samadini na mama wa mshukiwa. Nikatazama chini kama wote wanavyotazama wakiona aibu, na nilichokiona chini ni mikono yangu.

Nikasimama. Nikaomba msamaha kwa kusema mbele ya wakubwa. Nikamuuliza, "Mzee, unakumbuka mikono yangu siku tuliyomchoma mume wangu?"

Mume wangu alifariki mwaka 1976. Siku ya mazishi wanawake wa ukoo wake walinong'ona kwamba mjane amejipaka manjano kama bibi harusi, hana haya. Kuhani hakutaka nishike maji ya ibada. Aliyetoka mbele akawanyamazisha ni Mzee Achuthan mwenyewe. Aliwaambia ile ni njano ya kazi, njano ya kinu cha nyumba yake, na asiyeitaka aondoke yeye. Sijamsahau kwa hilo mpaka leo, Mungu amlaze pema.

Mzee akaitikia kwa kichwa, anakumbuka. Nikamwambia mwaka ule Vilasini alikuwa na miaka kumi na sita, yuko shule, anajifunza hesabu. Hakujua ghala letu lina milango mingapi. Niliponda kilichotoka kwenye magunia ya baba yake Paily, na mikono yangu ilikuwa ya njano. Kama manjano yale yalikuwa meupe, nani alinigeuzia?

Paily alifungua mdomo, akasema baba yake ni marehemu na hawezi kujibu. Mzee akamwambia, taratibu, "Baba yako hawezi. Lakini wewe unaweza, na umenyamaza." Kisha akanigeukia akasema maneno ambayo waganga wakuu hawasemi mbele ya wafanyakazi wao. Alisema, "Niliiona mikono ile, nikaisifu. Nilijua dawa haiachi rangi, na niliiona rangi, na sikuunganisha. Kosa la kwanza ni langu, mama."

Bwana Murali alimwomba Vilasini radhi pale pale, na ukaguzi wa getini ukakoma siku ile. Paily alibeba gunia lake kuondoka. Na huyu binti yangu, aliyekuwa nusura apoteze kila kitu, alimwita arudi. Aliingiza mkono kwenye gunia mpaka bega, akatoa mzizi wa chini, akauvunja, akautafuna. Akasema lipimwe lipokelewe, ni gunia la kwanza zuri ambalo familia ile imetuletea. Watu walicheka mpaka Mzee akafuta machozi. Likapokelewa. Lilikuwa pia la mwisho.

Tangu hapo pakiti zetu zimeandikwa kwa mbele: Unga huu hauachi rangi. Bwana Murali aliyaona maneno hayo kama kujiua kibiashara. Leo akina mama wa harusi wanatoka mji wa mbali kuutafuta, wanausugua kwenye kifundo cha mkono dukani kwanza, wakiona njano wanaukataa. Kizuri chajiuza. Na aliyewafundisha kushuku ni Vilasini, kwa hiyo naweza kusema ameacha watoto wengi kuliko wale wawili aliowazaa.

Sasa nimalizie lililobaki, kwa maana nina miaka sabini na minane na sitaki kwenda nalo.

Vilasini hakuwahi kuamini kwamba kifurushi kilipotea tu. Alikaa akapiga hesabu nani alifika nyumbani wiki ile. Alifika mmoja: Kuttappan, kuazima ngazi ya kuchumia pilipili manga. Basi, akafunga kesi. Miaka ishirini na miwili hajanywa chai kutoka mkononi mwa Kuttappan. Kuttappan akimsalimia asubuhi, yeye hujibu kwa pua. Sikukuu ya Onam akigawa ndizi za kukaanga, za kwake Vilasini huzichukua kwa adabu na kuwapa kunguru. Maskini Kuttappan hajui kosa lake. Aliwahi kuniuliza, nikamwambia labda ni moshi wa sigara zako, unamwingia puani. Akaacha sigara. Mwaka 2003. Nilimwona akitetemeka getini wiki nzima, na bado sikusema.

Kuttappan, ndugu yangu, hukuchukua kitu. Nilichukua mimi. Nisamehe. Kuhusu sigara, daktari anasema usirudie.

Na kwako mwenye sherehe. Umemshuku muuza maziwa, umemshuku kuhani, umeshuku posa yako mwenyewe, umeshuku malori na mawakala na hata sindano ya nesi. Siku ile uliporudi nyumbani ukalifungua sanduku ukalikuta limepekuliwa, mtu aliyekuwa akilala chumba cha pili alikuwa ni mimi, na hukunishuku hata saa moja. Nimeishi na hilo. Mimi niliyekuzaa nilikushuku siku tatu, na wewe usiyemwamini hata chumvi uliniamini miaka ishirini na miwili. Pua yako ilikosea mara moja tu, na ilikosea kwa kunipenda.

Ile mizizi mibichi haikufa. Kila mwaka mvua ya kwanza ikipiga, nyuma ya zizi huchipua majani mapana yenye mstari wa zambarau katikati, na kila mwaka nimekuwa nikiamka kabla yako kwenda kuyang'oa. Mwaka huu mvua imewahi. Yamechipua, yamefika magotini. Sijayang'oa. Kesho baada ya sherehe nenda ukayaone, vunja mzizi, nusa, tafuna, uhakikishe mama yako safari hii hasemi uongo.

Kwa niaba ya ghala, ya vinu, ya vyungu vya mafuta na ya watoto wote wa wilaya hii waliooga bila vipele, tunakushukuru, Vilasini. Kamati imeambiwa mashada yawe ya asumini ya kweli, kwa hiyo usiwaaibishe mbele ya wageni. Pumzika sasa. Mungu akupe siku nyingi, usingizi mtamu na watu wa kukuletea vitu visivyohitaji kukaguliwa.

Kuttappan atakuwa mlangoni na kikombe cha chai. Kipokee kwa mikono miwili, mwanangu, na ukinywe bila kukinusa.

Kunjulakshmi, mponda dawa mstaafu